Riwaya Iliyovuka Njia ya Ng'ombe

Mtu anayedhani kitabu huandikwa kwa ukimya hajawahi kuandika akiwa na mama yake mlangoni na askari mstaafu ng'ambo ya ua. Riwaya yangu niliiandika mara mbili. Mara ya kwanza niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, katika madaftari saba ya shule. Mara ya pili niliitamka kwa kelele, neno kwa neno, kuvuka njia ya ng'ombe, kwa mtu ambaye hakukubaliana na nusu ya maneno hayo.

Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa karani wa mnada wa ng'ombe. Wiki hii Dongobesh, wiki ijayo Katesh, nyingine Basotu, nikizunguka na mfuko wa turubai, vitabu vya vibali na chupa ya wino. Shule nilikuwa nimefika darasa la sita tu. Wazo la kuandika riwaya lilinijia likiwa limefunga sukari. Kipande cha gazeti alichofungia mwenye duka wa Dongobesh kilikuwa na tangazo, kwamba ofisi fulani ya vitabu inapokea hadithi ndefu za Kiswahili, ziandikwe kwa wino, upande mmoja wa karatasi. Nilimsomea mke wangu tangazo lile. Akaniuliza kama sukari yenyewe nimeileta au nimeleta karatasi tu.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mtu wa kulalamika, na sitamwandika tofauti kwa sababu amekufa. Alilalamikia moshi, alilalamikia kuku, alilalamikia jinsi ninavyovua viatu. Hakujua kusoma, lakini nilipomsomea nilichoandika alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakilalamikia na hicho.

Kitabu kilimhusu karani kijana na mkewe. Siku naondoka kwenda mnada wa Basotu nilikuwa nimemaliza daftari la nne, na mwanamke wa kwenye kitabu alikuwa amelala kitandani, mgonjwa sana. Mke wangu yeye alikuwa mzima, ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Alisimama akinitazama nikifunga mfuko.

"Yule mwanamke anapona?"

"Sijui bado."

"Hujui, na wewe ndiye unayeandika? Mponye. Usimwache hivyo." Nilikuwa nimeshafika mlangoni alipoongeza, "Na ulete chumvi. Ile ya Balangida. Isiyo na mchanga."

Nilirudi na chumvi. Uani kwetu nilikuta watu wamekaa chini, na hakuna aliyenisalimia. Uchungu ulikuwa umemshika kabla ya wakati. Wakamweka kwenye machela kumpeleka hospitali ya Mbulu, akafia njiani, yeye na mtoto. Walikuwa wamekwisha kumzika.

Kwetu, nyumba iliyopatwa na kifo cha namna hiyo hutengwa. Hali hiyo tunaiita metimani. Si kwamba watu wanakuchukia. Wanaogopa kilichokupata kisiwafuate na wao. Hawaingii kwako, nawe huingii kwao. Hupeani mkono na mtu, huazimi jembe, huombi moto. Ng'ombe wako hunywa maji baada ya ng'ombe wa wengine wote. Mnakaa hivyo mpaka wazee waseme imetosha. Ndipo mnanyolewa nywele, mnaoga, na vyombo vya ndani, vyungu, vibuyu, ngozi za kulalia, vinapelekwa bondeni na kuachwa huko. Mnaanza upya na vyombo vipya.

Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimebatizwa, na padri alikuwa akisema wazi kwamba mambo hayo ni giza. Mwenzangu mmoja alikubali kunishikia kazi ya mnada kwa muda wote huo, lakini aliniambia pia kuwa karani wa serikali hapaswi kukaa ndani kama kuku anayeatamia. Sikukataa. Nilikuwa nimekosekana siku ya kifo chake. Sikuona nitakosekanaje tena kwenye msiba wake.

Kwa hiyo nilikaa na mama yangu, sisi wawili, kwenye nyumba yetu ya juu mlimani, tunautazama Hanang mbali kusini siku ambazo ukungu uliruhusu. Nililima kidogo. Muda uliobaki niliandika. Daftari la tano nilikuwa nimerudi nalo kutoka Basotu. La sita na la saba niliyaandika humo ndani ya msiba. Nilimponya yule mwanamke. Nikampa watoto watano na nyumba ya bati. Nilimzeesha polepole, bila haraka, kama mtu anayekula kitu akiogopa kitaisha.

Kisha wazee wakatuma neno kwamba tutatolewa mwezi utakapoandama mara ya pili. Mama akaanza kupanga vyombo vya kwenda bondeni.

"Na yale madaftari," alisema.

"Madaftari gani, mama?"

"Hayo unayoyalalia."

"Mama, madaftari si chungu."

"Yalikuwa humu ndani?"

"Yalikuwa humu."

"Uliyashika?"

"Nimeyaandika, mama!"

"Basi yanakwenda na vyungu. Chungu kinaoshwa na bado kinaachwa. Karatasi wewe utaiosha vipi?"

Nilitoka nje nikatembea mpaka hasira ikapungua. Haikupungua sana. Kesho yake nilishuka Dongobesh, nikasimama ng'ambo ya barabara mbele ya lile duka, kama nilivyotakiwa, nikamwita mwenye duka. Alikuwa Mwislamu, wazazi wake walitoka Kondoa, na mambo yetu hayakuwa yake. Nilimwambia nina madaftari saba, nitayaweka kwenye jiwe kando ya barabara usiku wa leo, yeye ayachukue na kuyatuma kwa posta.

"Pole sana kwa msiba, karani," alisema, na alimaanisha. "Lakini hapana."

"Wewe huamini haya."

"Siamini. Wateja wangu wanaamini. Wakisikia daftari la metimani limelala juu ya meza yangu, nani atanunua unga? Karatasi mpya nitakupa, uandike upande mmoja kama wanavyotaka. Lakini hayo, hapana."

Karatasi mpya hazingenisaidia kitu kama zingepita mikononi mwangu. Nilimwambia mama hivyo, kwa sauti ambayo mtu hapaswi kumtolea mama yake. Siku ya pili yake alikwenda akasimama kwenye ua wetu wa minyaa, akawaita wazee wawili waliokuwa wanapita, akawauliza swali ambalo mimi mwenye darasa la sita sikuwa nimelifikiria. Maneno je? Kama salamu zetu zinavuka njia na hazimdhuru mtu, na hadithi si inaweza kuvuka?

Wazee walikaa chini papo hapo. Walijadili mpaka ng'ombe wakarudi. Mwishowe walisema maneno yanavuka. Nisome nikiwa upande wangu, mtu mwingine aandike akiwa upande wake, kwa wino wake, kwenye karatasi ambazo sijazigusa. Madaftari yenyewe yataondoka na vyungu siku ya kunyolewa. Kitakachokuwa kimevuka kimevuka.

Nilibaki na wiki sita na siku chache. Nilihitaji mtu mmoja tu ajuaye kuandika, mwenye nafasi. Mwalimu wa dini alikuwa amehamishiwa Mbulu. Kwenye mlima wetu wote alibaki mtu mmoja, naye alikuwa Koplo.

Alikuwa jirani yetu, mzee wa umri wa baba yangu. Alijifunza kuandika jeshini, wakati wa vita vya Burma, na huko aliwaandikia wenzake barua za nyumbani mpaka akaamini kwamba anajua kila jambo ambalo mtu anaweza kuliweka kwenye karatasi. Alikuja asubuhi ya kwanza na kigoda, sanduku la bati la kuandikia juu yake, na kofia. Akakaa upande wa pili wa njia ya ng'ombe. Kati yetu palikuwa na ua wa minyaa, na njia yenyewe, hatua kama kumi.

"Shikamoo, Koplo."

"Marahaba, karani. Soma. Usikimbie."

Nilisoma: "Alfajiri moja, kabla jua halijachomoza, wakati giza lilipokuwa bado limetanda juu ya milima..."

"Simama."

Nilisimama.

"Umesema alfajiri."

"Ndiyo."

"Basi jua halijachomoza. Na giza lipo. Umesema kitu kimoja mara tatu. Mimi nina karatasi za kutosha?"

"Ndivyo inavyoandikwa, Koplo. Ni mapambo."

"Nimeandika 'Alfajiri moja.' Endelea."

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Aliandika kwa herufi kubwa, akibana kalamu kama anachimba handaki. Kurasa mbili kwa siku, tatu siku njema. Asubuhi ng'ombe walipita kwenda malishoni na tulinyamaza mpaka wapite. Alasiri walirudi na tulinyamaza tena. Upepo ulipovuma kutoka bondeni nilirudia kila sentensi mara tatu, na mara ya tatu nilijikuta naichukia. Kuna maneno mazuri ambayo hayawezi kupigiwa kelele. Jaribu kusimama kwenye ua wako mchana kweupe na kumwambia mzee kwa sauti ya kuita mbuzi kwamba moyo wa binti ulitetemeka kama jani. Watu waliopita njiani walisimama kusikiliza. Wengine walitoa maoni.

Na Koplo alikuwa na neno lake. "Hilo siandiki." Alilisema akiweka kalamu chini, bila hasira, na hapo kazi ilikufa mpaka tukubaliane.

Karani wangu wa kwenye kitabu alitembea kutoka Yaeda Chini hadi Basotu kwa siku moja.

"Hilo siandiki. Siku mbili. Tena awe hana mzigo."

"Ni hadithi, Koplo. Ana haraka, anamfuata mchumba wake."

"Miguu ya mchumba inahusu nini hapo? Anayetembea ni yeye. Siku mbili."

Nikampa siku mbili. Kwa ajili hiyo ilibidi nimtafutie mahali pa kulala, nikamlaza kwenye kambi ya warina asali, na ukurasa mzima ukaongezeka, nao nilipaswa kuutunga nikiwa nimesimama, huku mzee akinisubiri kalamu mkononi. Sikuwahi kuandika hivyo. Leo nikiusoma ukurasa ule naona ni mzuri kuliko zote zilizouzunguka, na bado unanikera.

Pale ambapo shujaa wangu alilia machozi mbele ya wakwe, Koplo alikataa asubuhi nzima. Pale ambapo ng'ombe wa mahari walikuwa weupe wote, alikataa pia. "Nani ana ng'ombe weupe wote? Ndege wale?" Mama naye, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, akaanza kuuliza habari za mama mkwe wa kwenye kitabu.

"Huyo mwanamke ni mimi?"

"Siyo wewe, mama."

"Anavuta ugoro."

"Wanawake wengi wanavuta ugoro."

"Anavuta ugoro na anaunguza maziwa. Niliunguza maziwa lini?"

"Koplo," nilisema, "futa maziwa."

"Wino haufutiki," alisema Koplo. "Mama, vumilia. Si wewe."

Siku ya mvua hatukufanya kazi. Siku Koplo alipokwenda kwenye maziko upande wa Mbulu hatukufanya kazi, na kesho yake pia, kwa kuwa alirudi amechoka. Nilihesabu kurasa kila asubuhi. Nilimpigia mahesabu mama, naye alisema, "Soma upesi," kana kwamba kosa lilikuwa la midomo yangu. Nilikonda. Nilianza kuikata hadithi mwenyewe kabla sijaifikisha uani, ili mzee asiikate. Nilitoa machweo, nikatoa ndege, nikatoa hotuba ndefu ya mwenye kijiji. Nilikuwa naichuna kama ng'ombe aliyekufa kwa ukame, haraka, nikiokoa ngozi.

Siku nane kabla ya kunyolewa tulifika daftari la tano.

Nilianza kusoma vizuri. Mwanamke anazidiwa. Mumewe anarudi kutoka kazini siku hiyo hiyo, anawaita majirani, wanaleta machela. Yeye mwenyewe anashika mti wa mbele. Anatembea mbele ya mkewe, anamwambia maneno ya kumtia nguvu, wanavuka mto...

Sikusikia kalamu. Niliinua macho. Koplo alikuwa ameivua kofia na kuiweka juu ya sanduku.

"Hilo siandiki," alisema.

Nilikuwa nimechoka. Nilimwambia, kwa ukali ambao hakuna kijana wa kwetu anayeruhusiwa kuutumia, kwamba ninajua anachotaka kusema, kwamba hicho ni kitabu, kwamba karani yule si mimi na machela ile si ile.

"Mti wa mbele niliushika mimi," alisema Koplo.

Mama aliacha maharage.

"Mnada wa Basotu," aliendelea Koplo, taratibu, "ulifungwa Alhamisi. Lori la mnada lilirudi Alhamisi hiyo hiyo, nililiona likipita Dongobesh. Wewe ulifika Jumamosi. Sijakuuliza mpaka leo. Sikuulizi kwa ubaya. Nataka kujua ninachoandika."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Msibani hawaulizi. Na mimi nilikuwa nimeacha watu wafikiri kwamba kazi ilinizuia. Sikuwa nimedanganya kwa mdomo. Nilikuwa nimenyamaza tu, na kunyamaza huko kulikuwa kumekaa ndani ya nyumba pamoja nasi miezi yote ile.

Nilimwambia ukweli. Kuvuka njia ya ng'ombe huwezi kunong'ona, kwa hiyo niliusema kwa sauti, na mama alisikia, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kuni alisikia. Nilisema kwamba Alhamisi kazi ilikwisha. Lori liliniita. Nikaliacha liende. Pale Basotu palikuwa na nyumba ya wageni ya serikali, tupu, ina baraza inayotazama ziwa na meza ya kuandikia, na sikuwahi kupata meza kama ile wala kimya kama kile. Nikasema nibaki Ijumaa moja tu, nimponye yule mwanamke, nirudi nimwambie mke wangu kwamba amepona. Ijumaa nzima niliandika. Niliandika sura hiyo hiyo. Wakati Koplo anashika mti wa mbele, mimi nilikuwa kwenye meza ya serikali namshikisha mti wa mbele mtu asiyekuwepo.

Koplo alivaa kofia yake.

"Haya," alisema. "Sasa sema ilivyokuwa. Nitaandika."

"Sijui ilivyokuwa, Koplo. Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Akachovya kalamu. Akaanza kusema mwenyewe, na kuandika anachosema, sentensi moja moja, kama alivyowaandikia wenzake kule Burma. Walikuwa wanne. Walitoka jua likiwa upande huu. Njia ilikuwa na utelezi. Mgonjwa alikuwa na maumivu lakini akili yake ilikuwa sawa. Aliwatukana kidogo. Aliwaambia, "Mnanitikisa kama mnapepeta mtama." Mmoja wao alicheka, naye akamwambia asicheke, atazame miguu yake. Kwenye kijito aliomba maji. Walimpa. Alisema maji yana majani. Walipoinua machela baada ya hapo alikuwa mzito kwa namna nyingine, na Koplo aliijua namna hiyo kwa kuwa alikuwa amebeba watu vitani. Hakuwaambia wenzake mpaka walipofika juu ya kilima, maana njia ilikuwa mbaya na aliogopa wangemwangusha. Hakumtaja mume. Hakumwita. Koplo aliandika na hilo pia, kisha akanitazama kama atalifuta, ingawa wino haufutiki. Nilimwambia aliache.

Iliisha jioni.

Mama aliniwekea chakula, akakaa, akasema, "Kula." Baadaye akasema, "Ningeliambiwa mapema ningelikupiga. Sasa umeshakonda." Tangu hapo hakuligusa tena.

Ofisi ile ya vitabu ilinijibu mwaka uliofuata. Barua ilikuwa ya heshima. Walisema lugha ni safi na fupi, wakanisifu kwa kuepuka mapambo, jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu kama mwendawazimu. Walisema sura ya machela inasomeka kama imeandikwa na mtu mwingine, na mume anatoka vibaya mno ndani yake, na msomaji hatampenda. Walinirudishia kurasa, wakaomba niiandike upya. Nilijaribu mara tatu. Mara zote tatu mume alitoka vizuri, na mara zote tatu nilimsikia Koplo akiweka kalamu chini. Sikuwarudishia. Kurasa zile bado ninazo, kwa mwandiko wake mkubwa.

Lakini kabla ya barua hiyo kulikuwa na zile siku saba zilizobaki, na madaftari mawili ambayo hayajavuka. Asubuhi Koplo alikuja kama kawaida, akakaa, akachovya.

"Soma."

Nilifungua daftari la sita. Mwanamke amepona, yuko kitandani, anamshika mumewe mkono na kumshukuru kwa kumbeba. Nilisoma mstari huo kimoyomoyo. Nikafungua mbele zaidi. Watoto watano. Bati. Uzee. Kila ukurasa ulisimama juu ya ule mti wa mbele ambao sikuushika.

"Soma, karani. Siku zinakwenda."

Nilimwambia sina cha kusoma. Alikasirika. Alisema amekaa kwenye umande wiki tano. Alisema tukikaza anaweza kumaliza madaftari yote mawili, ataandika hata nne kwa siku, na mapambo ataniachia. Mama naye akaingilia, akasema hakuomba ruhusa kwa wazee ili nije kukunja mikono. Wote wawili walinipigia kelele, mmoja kutoka mbele, mwingine kutoka nyuma, na mimi katikati nikiwa na daftari.

Nilisimama hapo siku mbili, kwa kweli. Nilikuwa nimeahidi kumponya. Si kwamba nilisema ndiyo, lakini ndilo jambo la mwisho alilonituma, hilo na chumvi. Nikimuua kwenye kitabu kama alivyokufa, nimemnyima. Nikisoma madaftari yale, nimemdanganya tena, na safari hii Koplo angeandika kwa huruma, na huruma ya Koplo ndicho kitu ambacho sikuweza kukivumilia. Sitaki kusema kwamba nilichagua ukweli. Nilikuwa nimechoka na kitabu, nimechoka na sauti yangu, nimechoka kusimama. Siku ya tatu nilimwambia Koplo aandike ukurasa mmoja wa mwisho.

"Kutoka daftari gani?"

"Hakuna daftari. Andika. Mgonjwa hakufa pale kijitoni. Walifika hospitali, akalazwa, mtoto hakupona, yeye akapona."

Kalamu ilisita. Nilingoja aiweke chini. Hakuiweka.

"Endelea," alisema.

"Mume alifika siku ya pili, kwa miguu. Kazi haikumzuia. Alikuwa amebaki kwa mapenzi yake. Alimkuta mkewe amekaa nje ya wodi, kwenye jua. Hakujua aseme nini. Akamwonyesha chumvi."

Koplo aliandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza.

"Mke akafungua kifurushi. Akachukua kidogo, akaionja. Akasema, 'Hii chumvi ina mchanga.'"

Alimaliza kuandika, akapuliza wino ukauke. "Halafu?"

"Basi."

"Hamwambii kitu kingine? Hamuulizi alikuwa wapi?"

"Atamuuliza. Lakini si leo."

Koplo alifikiri. "Ndivyo angesema," alisema mwishowe, na akafunika chupa ya wino.

Siku ya kunyolewa ilikuwa na ukungu. Mama aliyapanga madaftari saba ndani ya chungu kikubwa, akaweka juu yake kile kifurushi cha chumvi ya Balangida ambacho hakuna mtu aliyekigusa tangu siku nilipokileta, akafunika kwa ungo. Nilibeba ngozi za kulalia na vibuyu. Tulipotoka kwenye ua, Koplo alikuwa amesimama upande wake wa njia, kurasa zake amezifunga kwa kitambaa na kuzikumbatia kifuani zisipate umande. Tulimpita bila kumsogelea, kama inavyotakiwa. Tulikuwa tumeshaanza kuteremka aliponiita.

"Karani! Ile chumvi. Ilikuwa na mchanga kweli?"

Niligeuka. "Ilikuwa nao. Nilionja siku ile ile."

"Ungechagua vizuri," alisema.

"Niliharakisha, Koplo."

Mama aliniambia nitazame njia, nitavunja vibuyu.